Nani Alimgobeza Mkafuli?

Soma kifungu kifuatacho, kisha ujibu maswali.

Siku moja Zindaro alimgobeza Mkafuli kwenye kipalundo. Mkafuli akasembuka sana. Watu wote wa Ng'ambe wakaja kupwitia.

1. Nani alimgobeza Mkafuli?
2. Zindaro alimgobeza Mkafuli wapi?
3. Mkafuli alipogobezwa alifanya nini?
4. Watu wa wapi walikuja kupwitia?

Umepata ngapi? Nne kwa nne, najua. Hongera, chukua alama zako zote. Sasa hebu niambie: kugobezwa kunauma au kunafurahisha? Kipalundo kinaliwa au kinakaliwa? Hao watu wa Ng'ambe walikuja kusaidia au kucheka? Hujui. Hata mimi sijui, maana maneno hayo niliyabuni jana usiku nikisubiri umeme urudi. Lakini kwa utaratibu wa madarasa yetu wewe umeelewa ulichosoma, na daftari lako lina tiki nne nyekundu za kuthibitisha.

Jamani, hicho ndicho tunachokiita ufahamu. Mwalimu anasoma kifungu, darasa linaitikia. Maswali yanaandikwa ubaoni, watoto wanayanakili. Kisha wanarudi kwenye kifungu kusaka neno linalofanana na neno la kwenye swali, wakilipata wananakili sentensi nzima kama ilivyo. Ni kama mchezo wa kombolela. Ukiona kipande cha shati nyuma ya mti unakimbia kumtaja mtu, wala huna haja ya kujua ana shida gani nyumbani kwao.

Naandika haya kwa hasira kidogo, na sitaificha. Nimekuwa nikifuatilia mijadala yetu wapenda fasihi. Kila baada ya miezi miwili mtu anaibuka na kilio kilekile: Watanzania hawasomi, vitabu havinunuliwi, simu zimewala vijana. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel tulishangilia wiki nzima. Mwaka 2022 riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili, *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, tukashangilia tena. Mwaka 2023 ikaanza kutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, tukapiga makofi, na yalistahili. Lakini katika makofi yote hayo, ni nani kati yetu aliyeuliza mtoto wa darasa la tatu anafanya nini na kitabu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana? Tunamzungumzia msomaji kana kwamba ni embe, msimu ukifika tutaliokota chini ya mti. Msomaji anaoteshwa, tena anaoteshwa akiwa na miaka saba, minane, tisa. Ukichelewa hapo, utabaki kumwandalia hafla za uzinduzi ambazo hatakuja.

Hoja yangu ni moja. Shule zetu za msingi zinafundisha kusoma, kisha zinamnyima mtoto kazi ya kufanya na huo usomaji. Tusipoanza kutengeneza kazi za kujisomea, yaani kazi ambazo mtoto anaweza kuzifanya mwenyewe au na mwenzake, kitabu kikiwa mkononi mwake na mwalimu akiwa upande wa pili wa darasa, basi hizi tuzo na uzinduzi ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Niseme nilikotoka, usije ukadhani nahubiri kutoka kwenye kochi. Mwaka 2018 nilifundisha darasa la tatu katika shule moja ya serikali mkoani Morogoro. Darasa lilikuwa na watoto 94. Hao ndio waliojiunga darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ambao elimu bila ada ilianza na watoto wakamiminika mpaka kwenye madirisha. Walikaa wanne wanne kwenye dawati, wengine sakafuni. Kitabu cha kiada kilikuwa kimoja kwa watoto watano au sita. Njia pekee niliyoijua ni ile niliyofundishwa nayo mimi: mimi nasema, wao wanaitikia.

Kuna mtoto mmoja wa nyuma kabisa alikuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikawa namsifu, mpaka siku moja nikamsogelea, nikafunua kitabu chake kwenda ukurasa mwingine. Akaendelea kusoma ukurasa uleule wa mwanzo, neno kwa neno, bila kukwama. Alikuwa amekariri. Kusoma hakuwa anajua, hata silabi mbili kuziunganisha ilikuwa shida. Alikuwa amevuka madarasa mawili ya KKK kwa masikio tu.

Si yeye peke yake. Ripoti za Uwezo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 zimekuwa zikituambia kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti ikitoka tunasema "duh", tunaendelea na mambo yetu. Darasani kwangu niliwapanga kimyakimya: kama robo walisoma vizuri, nusu walisoma kwa kujikongoja, na 18 silabi zilikuwa zinawakataa kabisa. Wote 94 walikuwa wanafanya kazi ileile, ukurasa uleule, kwa wimbo uleule. Aliyeweza alichoka kusubiri, na asiyeweza alijificha ndani ya kelele.

Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na kabati la chuma. Ndani yake, vitabu vya hadithi, vile tunavyoviita vya ziada, vililetwa na mradi miaka ya nyuma. Vingine vilikuwa bado ndani ya nailoni. Nikaomba. Nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, vile vikichanika nani atajibu? Na wageni wakija tutawaonyesha nini?"

Usimcheke mwalimu mkuu yule. Hakuwa mtu mbaya. Vitabu vilikuwa vimeandikwa kwenye leja kwa jina lake, na leja haina safu ya "kilichakaa kwa kusomwa". Ina safu ya "kilichopotea" tu. Tumetengeneza utaratibu ambao kitabu kisichoguswa na mtu ni mali iliyotunzwa vizuri, na kitabu kilichosomwa na watoto mia mbili ni hasara ya serikali. Baada ya kumsumbua mwezi mzima alinipa nakala kumi na mbili, nikasaini.

Sasa sikia kosa langu, maana lisiposemwa makala hii itakuwa ya uongo. Nilichukua hadithi kumi na mbili nzuri, nikakaa wikendi nzima nikaandika kadi za manila, kila hadithi na maswali yake matano. Nani alifanya hivi? Wapi? Lini? Nikawagawia vikundi, nikajisikia mwalimu wa kisasa. Watoto walifanya nini? Walisoma maswali kwanza. Wakakamata maneno, wakaenda kuyawinda kitabuni, wakanakili, wakamaliza ndani ya dakika nne. Dakika kumi na sita zilizobaki wakapigana. Hakuna hata mmoja aliyejua hadithi ilimhusu nani na ilikuwaje. Kwa wiki moja tu niliharibu hadithi kumi na mbili. Nilitoa vitabu kabatini, nikavifungia tena ndani ya maswali.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia mpaka leo, na ndicho ninachotaka ukichukue hata kama mengine yote utayasahau. Kazi yoyote ya kusoma iulizwe maswali mawili. Kwanza, je, mtoto anaweza kuifanya bila kusoma? Pili, akiimaliza, atakuwa na sababu ya kurudi kwenye kitabu? Kama jibu la kwanza ni ndiyo, au la pili ni hapana, itupe. Haijalishi imechapwa kwa rangi gani au imeletwa na mradi wa nchi gani.

Tuanze na wale 18. Kwao nilikata maboksi ya katoni, nikaandika amri kwa kalamu ya maka. "Simama." "Cheka." "Gusa sikio." Kisha zikawa ndefu: "Nenda dirishani. Hesabu miti. Rudi uandike idadi." Na nyingine: "Mguse begani mtoto mwenye sweta la bluu. Usiseme neno." Sheria ilikuwa moja, kadi haisomwi kwa sauti. Unasoma, unatenda. Mwenzako anakutazama, kisha anachukua kadi hiyohiyo kuhakiki kama ulichofanya ndicho kilichoandikwa. Hapo huwezi kukariri, maana kadi zinachanganywa. Huwezi kujificha kwenye kelele, maana kelele haipo. Nami nikiwa mbali nilikuwa naona kila kitu: mtoto aliyesimama katikati ya darasa akiangalia huku na huku, namfahamu kwamba kakwama kwenye "mb". Yule mkariri wangu wa nyuma, kadi yake ya kwanza aliyoitenda sawasawa ilikuwa "Piga makofi mawili." Alipiga mawili, akanitazama. Sikuwahi kumwona akitazama vile.

Kazi ya pili ilikuwa vipande. Unachukua hadithi waliyoisoma, unaandika sentensi zake sita kwenye vipande sita vya karatasi ngumu, wawili wanavipanga kwa mfuatano. Nyuma naandika namba ili wajisahihishe wenyewe. Watachungulia? Watachungulia, watoto si malaika. Ndiyo maana nikaongeza kipande cha saba, ambacho si cha hadithi hiyo, nikaacha kuweka namba. Kazi ikawa kumtafuta mgeni na kueleza kwa nini ni mgeni. "Hiki si chenyewe kwa sababu kuku alishaliwa ukurasa wa nne." Ndugu msomaji, mtoto wa miaka tisa anayetoa ushahidi kwa kutaja ukurasa anafanya kazi ya uhakiki. Ndiyo kazi tunayoifanya hapa kwa mbwembwe nyingi zaidi.

Ya tatu niliiita swali la kumtega mwenzako. Safari hii maswali hatungi mwalimu. Unasoma hadithi, unatunga swali moja la kumpa mwenzako, ila jibu lisipatikane kwa kunakili sentensi moja. Mwanzoni waliniletea nani, wapi, lini, maana ndivyo tulivyowazoeza. Nikawa nayarudisha. Wiki ya tatu mtoto mmoja wa kike akaleta swali kuhusu kijitabu cha kurasa kumi na sita. Kilikuwa na bibi aliyepika chakula akamsubiri mjukuu wake aliyechelewa kurudi. Swali lake: "Kwa nini bibi hakula kwanza?"

Basi. Darasa lilibishana siku tatu. Wengine walisema bibi alikuwa ameshiba. Wengine, chakula kilikuwa kidogo, aliogopa akila mjukuu atakosa. Mmoja akasema bibi yake yeye hali peke yake tangu babu afe. Wakakigombania kijitabu kile mpaka jalada likatoka, wakitafuta palipoandikwa sababu. Haijaandikwa popote. Imo ndani ya hadithi nzima, na ili uipate lazima uisome yote, tena na tena. Linganisha na "Bibi alipika nini?"

Ya nne ni daftari la usomaji, mistari mitatu tu kwa siku: jina la kitabu, nimeishia wapi, sentensi moja niliyoipenda. Kalamu nyekundu haigusi. Hakuna alama, hakuna "jitahidi". Mtoto mmoja aliandika sentensi moja siku tatu mfululizo. Nikamwuliza, mbona unarudia? Akasema, "Mwalimu, ina neno chubwi." Wewe mshairi unayesoma hapa, huyo ndiye msomaji wako wa kesho. Neno limemkaa mdomoni na hajui limemfanyia nini. Ungempa maswali matano angelikosa.

Ratiba ilikuwa hivi: dakika ishirini, vikundi vitano, viranja wawili wa vitabu wanaohesabu nakala zikitoka na zikirudi. Sikuanza na vikundi vyote. Wiki ya kwanza kilijitegemea kimoja tu, wengine wakaendelea kama zamani. Ilichukua karibu miezi miwili wote kuzoea. Na faida kubwa, ambayo watu wengi hawaioni, ilikuwa hii: wakati vikundi vinne vinajisomea, mimi nilipata dakika ishirini za kukaa chini na kikundi cha tano, wale wa silabi, mmoja mmoja. Kwa kuitikia kwa pamoja nisingezipata dakika hizo hata ningefundisha mpaka usiku.

Sasa najua maneno yatakayokuja, nimeshayasikia ofisini.

"Madarasa yamejaa mno, hayo ni mambo ya shule za kulipia." Ni kinyume chake. Mwenye watoto 20 anaweza kumsikiliza kila mmoja akisoma. Mwenye 94 hawezi, kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji kazi zinazojiendesha. Kazi za kujisomea si anasa ya darasa dogo. Ni dawa ya darasa kubwa, na bei yake ni maboksi ya katoni kutoka dukani na kalamu mbili za maka.

"Mtoto lazima ajue silabi kwanza." Kweli kabisa, sibishani. Kumpa mtoto asiyejua herufi kitabu cha hadithi ukasema ajisomee ni kumtania. Silabi zinafundishwa, tena kwa utaratibu, na mwalimu aliyesimama mbele. Mtaala wa KKK ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulikuwa na akili hiyo. Ila kufundisha kuogelea ukingoni kuna mwisho wake. Kuna siku mtoto aingie majini, na sisi tunamweka ukingoni mpaka darasa la saba. Wenzetu wa Kenya walipoanza mpango wa Tusome mwaka huohuo wa 2015, hawakuishia kwenye kumwongoza mwalimu somo kwa somo. Walihakikisha pia kila mtoto wa madarasa ya mwanzo ana kitabu chake mkononi. Mafunzo ya mwalimu na kitabu mkononi vinakwenda pamoja. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

"Hakuna vitabu." Vingine vipo kabatini, nimeshasema. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwapo tangu 1991, na wachapishaji wetu wametoa hadithi za watoto zinazosomeka. Mtandaoni, African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure ambazo ni halali kuzichapa na hata kuzibadilisha. Na pale ambapo kweli hakuna, watoto wenyewe ni waandishi. Kikundi kimoja kikitunga hadithi ya kurasa nane, ikashonwa kwa uzi, kikundi kingine kina kitabu cha kusoma. Kadi zangu bora za amri ziliandikwa na watoto. Mimi nisingefikiria "Lia kama mbuzi aliyekosa basi."

"Wathibiti ubora wakija wataona fujo." Huenda. Na mtihani wa mwisho unamtaka mtoto asilibe kwa penseli, haumtaki aulize kwa nini bibi hakula. Mwalimu anayejaribu kitu kingine anajaribu kwa hatari yake mwenyewe. Siwezi kumlaumu mwalimu anayeogopa. Ninawalaumu wanaomfanya aogope, halafu wakitoka hapo wanapanda jukwaani kuhutubia kuhusu utamaduni wa kusoma.

Na wa mwisho ni wewe, mwenzangu wa rika langu: "Mbona sisi tulijibu maswali hayohayo na tukawa wasomaji?" Sisi wangapi? Hesabu waliokaa nawe dawati moja. Ni wangapi leo wana riwaya kitandani? Sisi tuliponyoka, aliyeponyoka asiusifu mtego. Halafu mkamate mtu mzima yeyote aliyesoma shule zetu za zamani, umwulize anakumbuka nini kwenye vitabu vya Kiswahili. Atakutajia *Sizitaki Mbichi Hizi*. Atakutajia *Kibanga Ampiga Mkoloni*, na macho yatang'aa. Sasa mwombe akutajie swali la nne lililokuwa chini ya hadithi hiyo. Kilichomfanya asahau shida zake ni hadithi. Maswali yalikuwa ni ushuru aliolipa ili apite.

Nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili. Ilipofanya kampeni ya kufuta ujinga miaka ya 1970, ilitambua kwamba mtu mzima aliyejua kusoma leo atasahau kesho kama hana cha kusoma na hana sababu ya kusoma. Ndiyo maana yakaja magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho* kule Kanda ya Ziwa, na maktaba za vijijini. Miaka michache nyuma yake, tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa amefungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam. Mkulima wa miaka hamsini alifikiriwa: akishajua kusoma, atausomea nini? Mtoto wa miaka minane wa leo hatujamfikiria hivyo. Tunamfundisha silabi, tunampa kwaya, tunampa kusiliba, kisha akifika ishirini tunamshangaa kwamba hasomi.

Sasa, tufanye nini? Sitaki kusema "serikali iangalie", maana sentensi hiyo ni njia yetu ya kwenda kulala.

Mwandishi wa watoto: acha kuandika maswali nyuma ya kitabu chako. Najua mchapishaji anayataka ili kitabu kipate nafasi shuleni. Bishana naye. Kama lazima pawe na kitu, mwekee mtoto kitu cha kutenda: ramani ya kuchora, barua ya kumwandikia mhusika, ukurasa mtupu wa kuandika kilichotokea siku iliyofuata. Tena acha tundu kwenye hadithi, kama lile la bibi na chakula. Mtoto atalijaza.

Mwalimu: anza na kadi kumi za amri na kikundi kimoja. Usianze na zaidi. Ukifanya makosa kama yangu, utajua ndani ya wiki.

Mwalimu mkuu, na aliye juu yake: ongezeni safu kwenye leja. "Kimechakaa kwa kusomwa." Kitabu kikiingia kwenye safu hiyo, shule isifiwe.

Na sisi tunaokutana hapa kujadili riwaya: kila mmoja ana shule ya msingi karibu na kwake. Tunajua kuchagua hadithi, tunajua swali zuri ni lipi, tunajua sentensi inayobaki mdomoni. Mwalimu mwenye watoto 94 hana muda wa kukata katoni usiku. Wewe unao, maana unao muda wa kubishana mtandaoni mpaka saa saba. Ongea na mwalimu mmoja, uliza darasa lake linahitaji nini, kata kadi hamsini. Ni kazi ya wikendi moja, na inazidi faida ya makala kumi kama hii.

Utauliza lile darasa langu liliishia wapi. Kati ya wale 18, mpaka Novemba 11 walikuwa wanasoma hadithi fupi peke yao. Saba hawakufika, na bado nawafikiria. Vitabu viwili vilichanika. Kimoja kilipotea, nikalipa. Miezi mitatu baadaye kikarudi, hakina jalada, kina madoa ya mafuta ya kula kurasa nzima, kimefungwa kwa uzi. Mtoto akanieleza kwamba dada yake alikuwa anakisoma jikoni, akampa mama mdogo, mama mdogo akaenda nacho shamba. Kwenye leja nilitakiwa kuandika "kimeharibika". Sikukirudisha ofisini. Ninacho mpaka leo.

Kuhusu Mkafuli, bado yuko kwenye kipalundo. Watoto wetu wanajua aliyemgobeza ni Zindaro, wameandika jibu na wamepata tiki. Hakuna aliyewahi kuwauliza kama walimwonea huruma.